Je, Wajua? Mambo Yaliyojificha Ndani ya Utabiri wa Theluji Nyepesi

Kuanzia Novemba hadi Machi, wakazi wa majimbo ya kaskazini ya Marekani, toka Montana hadi Minnesota na Michigan, hutangaziwa utabiri wa aina moja tena na tena: theluji nyepesi, joto litapanda mchana na kushuka usiku. Mgeni aliyehamia Minneapolis kutoka Nakuru, Mwanza au Bukavu huusikia na kushusha pumzi. Mwenyeji huuliza swali la pili: joto litashuka saa ngapi? Dhoruba kubwa hutangazwa mapema, shule zikafungwa na watu wakabaki majumbani. Theluji kidogo huwakuta watu wakiwa barabarani, na joto linalochezacheza karibu na sifuri ndilo linaloamua kama watarudi salama. Vipimo vyote vya joto hapa chini ni vya Selsiasi.

Dakika mbili zilitosha kupandisha joto nyuzi 27

Tarehe 22 Januari 1943, saa moja na nusu asubuhi, mji mdogo wa Spearfish katika jimbo la South Dakota ulikuwa na baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri. Dakika mbili baadaye kipimajoto kilionyesha nyuzi 7 juu ya sifuri. Kufikia saa tatu joto lilikuwa nyuzi 12. Kisha baridi ikarejea, na ndani ya dakika 27 mji ukawa tena kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri. Vioo vya madirisha vilipasuka kwa mabadiliko hayo.

Kilichosababisha yote ni upepo uitwao Chinook. Hewa inaposhuka kutoka milimani hubanwa na uzito wa hewa iliyo juu yake, na hewa kavu inayobanwa hupata joto: takriban nyuzi 10 kwa kila mita 1,000 inazoshuka. Asubuhi ile hewa hiyo ya joto na hewa nzito ya baridi zilikuwa zikisukumana juu ya mji, na Spearfish ukawa mpakani mwao.

Rekodi zote mbili za siku moja ziko Montana

Montana lina rekodi ya Marekani ya kushuka kwa joto ndani ya saa 24, na pia ya kupanda. Mjini Browning, tarehe 23 hadi 24 Januari 1916, joto liliporomoka kutoka nyuzi 7 hadi nyuzi 49 chini ya sifuri. Huko Loma, tarehe 14 hadi 15 Januari 1972, lilipanda kutoka nyuzi 48 chini ya sifuri hadi nyuzi 9 juu yake. Dar es Salaam, tofauti ya wastani wa joto kati ya mwezi wenye joto zaidi na wenye baridi zaidi haifiki nyuzi 6 kwa mwaka mzima.

Sura ya nchi ndiyo sababu. Toka Aktiki hadi katikati ya Marekani ni tambarare tupu, hakuna safu ya milima inayokatiza kutoka mashariki hadi magharibi, basi hewa ya kaskazini huteremka bila kizuizi. Upande wa magharibi kuna Milima ya Rocky, inakotoka hewa kavu yenye joto. Nyanda hizo huishi kati ya wapinzani hao wawili.

Theluji nyepesi ina njia yake maalumu

Nyingi ya theluji hizi ndogo huletwa na maeneo ya mgandamizo mdogo wa hewa yanayoundwa upande wa mashariki wa Milima ya Rocky, katika jimbo la Alberta nchini Kanada. Kutoka hapo hukimbia kuelekea kusini-mashariki, yakipita Dakota na Minnesota hadi kwenye maziwa makubwa ya Amerika Kaskazini, aghalabu kwa siku moja au mbili tu. Kwa kuwa yamezaliwa mbali na bahari na hayakai mahali, hayapati unyevu wa kutosha. Humwaga sentimita mbili hadi nane za theluji, kisha huenda zao.

Mpangilio wake haubadiliki sana. Kwanza upepo wa kusini hupandisha joto. Halafu theluji hudondoka kwa saa chache. Kisha upepo hugeuka na kuvuma kutoka kaskazini-magharibi, mawingu hufunguka, na joto huanguka. Theluji iliyoyeyuka kidogo adhuhuri huwa barafu ngumu kufikia jioni.

Kosa la milimita mbili huonekana mlangoni

Mtabiri akisema Kisumu itapata milimita 10 za mvua, na zikanyesha 12, nani atajua? Theluji haisamehe hivyo. Kwa kawaida milimita moja ya maji hutoa sentimita moja ya theluji. Karibu na sifuri theluji huwa nzito na yenye maji, na milimita hiyo hutoa nusu sentimita. Hewa ikiwa na nyuzi 15 chini ya sifuri, theluji huwa nyepesi kama pamba, na milimita hiyohiyo yaweza kutoa sentimita mbili au zaidi. Kwa hiyo milimita mbili za maji zinaweza kuwa tope la sentimita moja, au tabaka la sentimita nne linalohitaji koleo kabla ya gari kutoka nje. Mtabiri hukisia mambo mawili kwa mpigo, kiasi cha maji na wepesi wa theluji, na ndiyo maana hutaja kiwango kama sentimita mbili hadi tano badala ya namba moja.

Umbo la chembe ya theluji hueleza joto la mawinguni

Wilson Bentley, mkulima wa Jericho katika jimbo la Vermont, aliunganisha kamera na hadubini, na tarehe 15 Januari 1885 akapiga picha ya chembe moja ya theluji. Kufikia kifo chake mwaka 1931 alikuwa amepiga zaidi ya 5,000. Picha hizo zilionyesha uzuri. Sababu ya maumbo ilitafutwa na Ukichiro Nakaya, mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha Hokkaido, Japani, ambaye mwaka 1936 alifaulu kuotesha chembe ya theluji maabarani, juu ya ncha ya unywele wa sungura.

Nakaya aligundua kwamba joto na unyevu ndivyo vinavyochonga umbo. Karibu na nyuzi 2 chini ya sifuri huota vibamba vyembamba. Kwenye nyuzi 5 chini ya sifuri huota sindano na nguzo ndogo. Karibu na nyuzi 15 chini ya sifuri huota nyota zenye matawi sita. Nyota hizo zikirundikana huacha nafasi kubwa za hewa kati yake, na hapo ndipo theluji ile ya pamba inapotoka. Mtabiri anayetaka kujua kina cha theluji ya kesho huangalia kwanza joto lilivyo ndani ya wingu.

Baridi kali huifanya hewa kuwa maskini

Hewa ya Mombasa yenye nyuzi 30 inaweza kubeba takriban gramu 30 za mvuke katika kila mita moja ya ujazo. Kwenye sifuri hubeba chini ya gramu 5. Kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri hubeba takriban gramu moja. Theluji inaweza kuanguka hata katika baridi hiyo, lakini mali ghafi ni haba. Ndiyo sababu theluji nyingi huanguka joto likiwa chini kidogo tu ya sifuri, na zile siku za baridi ya kuuma mara nyingi huwa na anga la buluu.

Tone laweza kubaki maji kwenye nyuzi 10 chini ya sifuri

Matone madogo mawinguni hayagandi mara tu yanapovuka sifuri. Huhitaji chembe ya vumbi ya kuanzia, na yasipoipata hubaki maji. Matone safi kabisa huvumilia hadi karibu nyuzi 38 chini ya sifuri. Hapo ndipo utabiri wa theluji nyepesi unapoweza kuharibika. Wingu lisipokuwa na baridi ya kutosha kutengeneza chembe za barafu, hushusha manyunyu yanayoganda papo hapo yanapogusa lami, kioo cha gari au ngazi za nyumba. Barafu hiyo ni ngumu kuiona kuliko theluji, maana lami nyeusi huonekana imelowa tu.

Hali ikizidi, mvua kamili hupita kwenye tabaka jembamba la hewa baridi na kuganda juu ya kila kitu. Januari 1998 mvua ya namna hiyo iliangukia Montreal na maeneo ya jirani kwa siku kadhaa, ikaangusha minara ya umeme na kuacha mamilioni ya watu gizani.

Asilimia 30 haina maana ya theluji kwa asilimia 30 ya siku

Idara ya Taifa ya Hali ya Hewa ya Marekani ilianza kutangaza uwezekano kwa asilimia nchi nzima mwaka 1966, na hadi leo wengi huielewa vibaya. Asilimia hiyo haisemi theluji itaanguka kwa muda gani wala itakuwa nyingi kiasi gani. Inasema kwamba, kwa hali kama ya leo, mahali ulipo pana nafasi 30 kati ya 100 za kupata angalau robo milimita ya maji, yawe ya mvua au ya theluji iliyoyeyushwa. Theluji ya uhakika wa asilimia 90 inaweza kuwa vumbi jeupe tu juu ya nyasi, na ile ya asilimia 30 ikakufunika viatu.

Upepo hupoza mtu, haugandishi bomba

Utabiri wa majira ya baridi huja na namba mbili: joto la hewa, na baridi ambayo mwili utaihisi kwa sababu ya upepo. Chimbuko la kipimo hicho ni Antaktika, ambako Wamarekani Paul Siple na Charles Passel walipima muda wa maji kuganda kwenye chombo kilichoachwa upeponi, wakachapisha matokeo mwaka 1945. Mwaka 2001 Marekani na Kanada zilipokea kanuni mpya, baada ya watu waliojitolea kutembezwa mbele ya upepo wa mashine huko Toronto, nyuso zao zikiwa zimefungwa vipima joto.

Hewa ikiwa nyuzi 18 chini ya sifuri na upepo ukivuma kilomita 24 kwa saa, mwili huhisi nyuzi 28 chini ya sifuri, na ngozi iliyo wazi yaweza kuganda ndani ya nusu saa. Lakini upepo huondoa joto tu. Hauwezi kukipoza kitu kupita baridi ya hewa yenyewe. Hewa ikiwa nyuzi 2 juu ya sifuri, maji yaliyo ndani ya bomba hayataganda hata upepo uvume namna gani.

Asubuhi ya vuguvugu iliwaua watoto

Tarehe 12 Januari 1888, baada ya siku nyingi za baridi kali, wakazi wa Dakota, Nebraska na kusini mwa Minnesota waliamkia hali ya vuguvugu. Wakulima walitoka na mifugo yao. Watoto walikwenda shule bila makoti mazito. Kabla siku haijaisha, ukuta wa hewa ya Aktiki uliwafikia, upepo ukatifua theluji laini kama unga hadi mtu asione mkono wake, na joto likaanguka kwa kasi. Watu wanaokadiriwa kufikia 235 walikufa, wengi wao watoto waliokuwa njiani kutoka shuleni.

Wakati huo utabiri ulikuwa kazi ya jeshi, kupitia kikosi cha mawasiliano, na taarifa zilisafiri kwa telegrafu hadi kwenye vituo vya reli. Mkulima aliyeishi mbali na stesheni hakuwa na namna ya kuzipata. Miaka miwili baadaye, Bunge la Marekani liliamua kuihamishia kazi hiyo kwa raia.

Theluji hupoza hewa na kuupasha udongo

Theluji mpya hurudisha angani hadi asilimia 80 au 90 ya mwanga wa jua, hivyo mchana ardhi hainyonyi joto. Usiku, kukiwa shwari na bila mawingu, uso wake hutoa joto kwa wepesi sana. Hata tabaka jembamba lililoanguka jana linaweza kuongeza baridi ya usiku wa leo. Chini yake mambo ni kinyume: theluji laini ni hewa tupu kwa takriban asilimia 90, nayo hewa hiyo iliyofungwa huzuia joto la udongo lisitoke. Ngano iliyopandwa majira ya kupukutika huokoka chini ya theluji, ilhali baridi tupu isiyo na theluji ingeiua.

Chumvi ina mpaka wake

Chumvi inayomwagwa barabarani huyeyuka ndani ya utando mwembamba wa maji na kuyazuia yasigande. Lakini joto likishuka chini ya nyuzi 9 hivi chini ya sifuri, chumvi ya kawaida hufanya kazi polepole mno, na madereva wa idara ya barabara huchanganya kemikali nyingine au humwaga mchanga ili magurudumu yapate pa kukamata. Ndiyo maana theluji kidogo inayofuatwa na baridi kali huwasumbua kuliko theluji nyingi ya nyuzi 2 chini ya sifuri.

Chumvi hiyo haipotei. Mamlaka ya mazingira ya Minnesota huwakumbusha wananchi kwamba kijiko kimoja cha chai cha chumvi kinatosha kuchafua milele lita 19 za maji. Jimbo hilohilo huwapa wananchi nafasi ya kubuni majina ya magari ya kuondoa theluji. Mojawapo lilipewa jina la F. Salt Fitzgerald, mzaha juu ya mwandishi F. Scott Fitzgerald, mzaliwa wa Saint Paul, aliyegeuzwa kuwa Fitzgerald wa chumvi.

Ziwa linaweza kuubatilisha utabiri wa mtaa mmoja

Hewa ya Aktiki ikipita juu ya ziwa ambalo bado halijaganda, huchota joto na mvuke, kisha huushusha ufukweni kama mikanda myembamba ya theluji. Novemba 2014 vitongoji vya kusini mwa Buffalo, kando ya Ziwa Erie, vilizikwa na zaidi ya mita moja na nusu za theluji, huku kilomita chache upande wa kaskazini watu wakipata sentimita chache tu. Wakazi wa Entebbe na Mwanza wanalijua jambo la jamaa hiyo: Ziwa Victoria nalo hujitengenezea dhoruba zake za usiku, hewa ya nchi kavu inapokutana juu ya maji yenye joto. Erie lina kina kifupi, wastani wa mita 19 tu, hivyo aghalabu huganda katikati ya msimu, na likiganda kiwanda chake hufungwa.

Theluji huweza kuondoka bila kuacha hata dimbwi

Baada ya siku ya Chinook, wakazi wa Montana huona theluji imetoweka na ardhi haijalowa sana. Upepo mkavu huigeuza barafu kuwa mvuke moja kwa moja, bila kupitia maji. Hali hiyohiyo iko Kilimanjaro: kwenye kilele chenye baridi, hewa kavu na jua kali, sehemu kubwa ya barafu inayopotea huenda angani kwa njia hiyo.

Utabiri wa jana na wa leo hupishana kwa sababu

Mwaka 1961 Edward Lorenz, mtaalamu wa hali ya hewa katika taasisi ya MIT, aliingiza kwenye kompyuta namba 0.506 badala ya 0.506127. Tofauti hiyo ndogo ilizaa hali ya hewa tofauti kabisa kadiri siku za kwenye hesabu zilivyosonga. Leo vituo vikubwa hufanya hesabu ileile mara nyingi, kila mara vikibadilisha kidogo hali ya kuanzia; kituo cha Ulaya cha utabiri huwa na majibu kama 50 kwa wakati mmoja. Yakikaribiana, mtabiri husema kwa uhakika. Yakitawanyika, hutoa kiwango kipana na kusubiri maputo ya vipimo, ambayo kwa kawaida hurushwa mara mbili kwa siku.

Jinsi ya kuusoma utabiri huo

Ukiwa Minneapolis, Toronto au Columbus, na simu ikakuonyesha theluji ya sentimita mbili, usiishie kwenye sentimita. Tazama jedwali la saa kwa saa, utafute saa ambayo joto litavuka sifuri na upande linaoelekea. Theluji ikianza kukiwa juu ya sifuri na joto likashuka kabla ya saa za kutoka kazini, barabara itakuwa barafu. Ikianza kukiwa na nyuzi 10 chini ya sifuri na ikabaki hivyo, ufagio utatosha mlangoni, ingawa njia panda zenye magari mengi huwa zinateleza. Kisha angalia mwelekeo wa upepo: ukigeuka kutoka kusini kuja kaskazini-magharibi, koti uliloondoka nalo asubuhi halitakutosha kurudia nyumbani.